Kikundi chetu kimevunjika: je, "afadhali kuwa wawili" bado ni kweli?

Mama mmoja wa Busia, upande wa Uganda, anauliza:

"Tulikuwa wanawake 12 sokoni, wauza samaki na nguo za mitumba. Tulianza kama kikundi cha maombi, baadaye tukaongeza akiba, kila mmoja shilingi 10,000 kwa wiki. Baada ya wiki 20 tukamkopesha mwenzetu 800,000, mwenyekiti akawa mdhamini wake. Hakulipa. Sasa wawili hao hawasalimiani, na wengine wameacha kuja hata kwenye maombi. Mwezi uliopita nililazwa siku 5, hakuja hata mmoja. Mchungaji anatuhubiria Mhubiri 4:9 kila mara, lakini mimi naona nikiwa peke yangu sidaiwi wala sidai. Biblia inasema nini hasa? Na kama ni kuanza tena, nianze na nani, na kwa njia gani?"

Mama, pole kwa kulazwa, na pole zaidi kwa zile siku tano za kuutazama mlango wa wodi. Naanza hapo kwa sababu mstari wa mchungaji wako unapimwa hapo hapo. Mhubiri anasema afadhali kuwa wawili kuliko mmoja, kisha anatoa sababu: "Kwa maana wakianguka, mmoja wao atamwinua mwenzake, lakini ole wake aliye peke yake aangukapo, wala hana mwingine wa kumwinua!" Basi jiulize hivi: nikianguka usiku wa leo, nani atajua kabla ya kesho mchana, na nani atakuja? Kwa kipimo hicho, ninyi mlikuwa watu kumi na wawili walio peke yao, mmekaa mkeka mmoja. Andiko halijakudanganya. Kile linachokieleza mlikuwa bado hamjakijenga.

Lisome kuanzia juu, maana watu huchomoa mstari wa 9 na kuacha sura yenyewe. Mstari wa 1 Mhubiri anatazama machozi ya wanaoonewa, anasema hawana mfariji, na analisema mara mbili katika mstari uleule. Mstari wa 4 anatazama kazi na juhudi za watu, anaona nyingi zinasukumwa na kumwonea wivu jirani. Wewe wa sokoni unalijua hilo: mwenzako akifungua robota la nguo safi, usiku unahesabu za kwake badala ya za kwako. Mstari wa 8 anamwona mtu asiye na wa pili, hana mwana wala ndugu, kazi yake haina kikomo, macho yake hayashibi mali, na hajiulizi anamfanyia nani kazi hiyo yote. Hapo ndipo linapokuja neno la wawili. Ni dawa ya magonjwa matatu: kukosa wa kukufariji, wivu, na kuhangaika bila kujua unahangaika kwa ajili ya nani. Nakuambia kwa upendo, mama: "sidaiwi wala sidai" inakuweka jirani na yule mtu wa mstari wa 8. Ana usalama wa mfuko, lakini hana mtu.

Kuna maneno mawili ya Biblia yetu ya Kiswahili yanayowapotosha wasomaji wa leo. "Ijara njema" ni ujira, malipo ya kazi. Na "wawili wakilala pamoja, hapo watapata moto" halizungumzii moto wa jikoni, ni joto. Wengi hulisoma harusini wakadhani ni habari za bibi na bwana. Picha iliyopo ni ya wasafiri. Milima ya Yerusalemu iko kama mita 750 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa baridi kule ni baridi kweli. Mwenye kusafiri alilala chini akijifunika joho lake. Aliyewahi kulala safarini Kabale, kwenye karibu mita 2,000, hahitaji kuelezwa. Wawili wakigeuziana migongo na kuunganisha majoho mawili, asubuhi wanaamka wazima. Mahujaji waendao Namugongo kwa miguu kila mwaka kwa ajili ya tarehe 3 Juni wanaiishi picha hiyo hadi leo. Hutembea kwa makundi, hulala pamoja wanapopokelewa njiani, na aliyechubuka mguu hupunguziwa mwendo na wenzake.

Kwa hiyo Mhubiri ametaja kazi nne za mwenzi: kuzidisha matunda ya kazi, kuinua aliyeanguka, kuleta joto, na kusimama naye mbele ya adui. Hakutaja mkopo. Sisemi mkopo ni dhambi, na nitarudi kwake. Nasema kikundi chenu kiliwekewa kazi ya tano kabla hakijafanya hata moja kati ya nne za kwanza.

Halafu kuna kamba. "Wala kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi." Wahubiri wengi husema uzi wa tatu ni Mungu. Kuhubiri hivyo si kosa, lakini mstari wenyewe unasema jambo rahisi zaidi: wawili ni wema, watatu ni imara zaidi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona linavyotumika vibaya. Watu wawili hugombana, kila mmoja anasema "Mungu ndiye shahidi wetu", na hakuna mtu wa tatu mwenye mwili, anayeweza kuvuka barabara akawaambia wote wawili kaeni chini. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu katika kila neno (Kumbukumbu la Torati 19:15). Waswahili walipopanga mafiga jikoni walijua hilo hilo: mawili hayakai chungu.

Itazame kamba ya katani inavyosokotwa, maana Mhubiri aliandikia watu waliosokota kamba zao wenyewe. Unachukua nyuzi tatu, kila mmoja unausokota peke yake upande wa kulia mpaka uanze kujikunja. Kisha unazikutanisha na kuzisokota zote tatu kwa pamoja upande wa kushoto. Kila uzi unataka kujifungua, na katika kutaka kujifungua unaukaza mwenzake. Ukiachia ncha ya uzi mmoja, unalegea hapo hapo. Ukiachia ncha ya kamba, inatulia. Sasa tazama inavyoharibika. Kama uzi mmoja ulikuwa mfupi au umevutwa kuliko wenzake, ukifunga ng'ombe, uzito wote unamwangukia huo mmoja huku wengine wawili wamelegea na wanaonekana wazima. Huo ndio unaokatika kwanza. Kisha uzito unahamia kwa wa pili kwa mshtuko, naye anakatika upesi kuliko ambavyo angekatika siku nyingine. Kamba nyingi hukatika kwa mvuto usio sawa kabla hazijashindwa na uzito.

Ndivyo kikundi chenu kilivyokatika. Tufanye hesabu. Watu 12 kwa 10,000 kwa wiki 20 ni shilingi 2,400,000. Mkopo wa 800,000 ni theluthi nzima ya fedha zote, kwa mtu mmoja. Akiba ya huyo mama ilikuwa 200,000, kwa hiyo alipewa mara nne ya alichoweka. Vikundi vya akiba vya vijijini, vile vya mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 na ambao leo umeenea Uganda nzima, kwa kawaida havimpi mtu zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Kwenu ingekuwa 600,000, na hata hiyo kwa kikundi kichanga ni nyingi. Vikundi hivyo huweka fedha kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Hapo hakuna uzi mmoja uliovutwa kuliko wengine. Ninyi uzito wote mlimwachia mwenyekiti peke yake. Uzi mmoja.

Na Biblia ilikwisha onya. Mithali 6:1-5 inamwambia aliyemdhamini jirani yake kwamba amenaswa kwa maneno ya kinywa chake. Asiache macho yake yapate usingizi, aende akajinyenyekeze, akasihi, ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Mithali 11:15 inasema amdhaminiye mgeni ataumia. Watu huona aibu kuyasoma haya kanisani, wakidhani yanapinga upendo. Yanaulinda. Mdhamini asiye na uwezo wa kulipa ametoa ahadi isiyo yake, na siku deni linapoiva anapoteza fedha na rafiki kwa pamoja.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa ninalotaka ulichukue. Soma Mwanzo 13. Abramu na Lutu, mtu na mtoto wa ndugu yake, walikuwa na mifugo mingi kiasi kwamba nchi haikuwatosha, na wachungaji wao wakaanza kugombana. Abramu alisema ugomvi usiwepo kati yetu kwa kuwa sisi ni ndugu, kisha akapendekeza watenganishe malisho: ukienda kushoto, mimi nitakwenda kulia. Walitenganisha mifugo ili undugu usife. Na haukufa. Sura inayofuata Lutu anatekwa, habari inamfikia Abramu, naye anawatoa watu wake 318 waliozoezwa na kuwafuatia adui mpaka Dani, anamrudisha Lutu pamoja na mali zake. Wapo watakaokwambia kutengana kwa namna yoyote ni kukosa umoja. Abramu aligawa malisho, na siku ya hatari alikuja na watu 318. Ninyi mlichanganya malisho, na siku ya hatari hakuja mtu.

Basi tenganisha. Ushirika wa maombi na kuinuana uwe na watu wake, siku yake na kanuni zake. Akiba na mikopo iwe na watu wake, hata kama baadhi ni walewale, na isikae siku ile ile wala mkeka ule ule. Mtu akishindwa kulipa kule, mlango wa huku usifungwe.

Kuhusu nani wa kuanza naye: usiwaite wote kumi na mmoja. Tafuta mmoja. Yesu alipowatuma wanafunzi aliwatuma wawili wawili (Marko 6:7). Na ule uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulioenea hapa Uganda na Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika, unahesabiwa na wengi tangu Septemba 1929 pale Namirembe, Simeoni Nsibambi na Joe Church, Mganda mmoja na daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walipokaa siku mbili na Biblia zao, wote wawili wakiwa wamechoka rohoni. Hawakuanza na mkutano mkubwa.

Huyo mmoja umchague kwa mambo matatu. La kwanza, ukaribu wa miguu: "afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali" (Mithali 27:10). Rafiki wa Mbarara ni wa simu. Anayeweza kubisha mlango wako saa nne usiku ndiye unayemtafuta. La pili, mdomo. Mwangalie anavyozungumza habari za mtu asiyekuwepo, maana na wewe ukiondoka utazungumzwa hivyo hivyo. Mithali 11:13 inasema mchongezi hufunua siri, lakini mwenye roho ya uaminifu huisitiri. La tatu, awe amewahi kukwambia ukweli uliokuuma. Mithali 27:6 inasema jeraha analokutia rafiki ni la kuaminika. Sikutajia upole wala kipawa cha kuomba. Mtu anaweza kuomba kwa machozi saa mbili na asijue kwamba jana hukuwa na unga wa posho.

Mkiwa wawili, tembeeni hivyo kwa wiki nne kabla ya kumwita wa tatu. Wa tatu mchague pamoja, na kila mmoja awe na haki ya kusema "huyu hapana" bila kuulizwa sababu. Mkifika watano, gawanyikeni. Watu 12 wanaweza kuweka akiba pamoja vizuri kabisa, lakini hawawezi kujuana kiasi cha kugundua nani hakulala. Yethro alipomwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, alimwambia utadhoofika kabisa, wewe na watu walio pamoja nawe, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi (Kutoka 18). Kipimo cha chini kabisa ni kumi, na hiyo ni kwa kuamua mashauri. Kwa kuinuana, watatu.

Mkutane mara moja kwa wiki, saa ileile, dakika 60, na mwenye nyumba asipike. Nasema asipike kwa makusudi. Vikundi vingi hufa kwa sababu ya chai: wa kwanza anatoa chai na mkate, wa pili anaongeza mayai, wa tatu hana kitu na anaanza kuugua kila zamu yake inapofika. Maji yanatosha. Kila mmoja aseme dakika 10 akijibu maswali mawili: wiki hii nimeangukia wapi, na wiki ijayo nabeba nini nisichokiweza? Wengine wanasikiliza, hawatoi ushauri mpaka waulizwe. Halafu mnasoma mistari michache na kuomba kwa yale yaliyosemwa, si kwa dunia nzima.

Balokole waliita hilo kutembea nuruni, kwa 1 Yohana 1:7. Panaharibika pale mtu anapoungama ya mwenziwe. Yakobo 5:16 inasema ungameni dhambi zenu, zenu ninyi. "Tumwombee dada fulani, ndoa yake ina shida" ni umbea uliopiga magoti. Kateni hapo hapo, siku ya kwanza itakapotokea, kwa sababu mkiiacha ipite mara moja hakuna atakayesema kweli tena. Na msiende nyumbani kwa mwenzenu kila jioni kwa kuwa sasa ni marafiki. Mithali 25:17 inakataza mguu wako kuingia nyumbani mwa jirani mara nyingi, asije akakukinai.

Sasa kuanguka kwenyewe. Watu humaliza maneno yote ya upendo kwenye mkutano, na mtu akilazwa kila mmoja anadhani mwingine amekwenda. Hilo linanitia uchungu kila nikilisikia, kwa sababu tiba yake ni karatasi moja tu. Rudi Kutoka 17. Israeli wanapigana na Amaleki, Musa yuko juu ya kilima, mikono yake ikiinuka Israeli wanashinda, ikishuka wanashindwa. "Lakini mikono ya Musa ilikuwa mizito, basi wakatwaa jiwe, wakaliweka chini yake, naye akalikalia." Angalia mpangilio. Kabla Haruni na Huri hawajashika mkono, walitafuta jiwe. Walimpatia mahali pa kukaa. Kisha mmoja upande huu, mmoja upande wa pili, mpaka jua likachwa. Jiwe, upande wangu, upande wako, na saa ya kumaliza.

Mwenzenu akilazwa, jiwe ni meza yake ya sokoni. Mtu mmoja aikalie, auze, aandike kila kilichouzwa, ampelekee fedha jioni. Mgonjwa anayejua biashara inaendelea anapona akiwa na kitu cha kurudia. Upande mmoja ni hospitali: wewe unajua wodi za serikali zetu zinamhitaji mhudumu wa kulala mkekani, wa kufua, wa kufuata dawa. Upande wa pili ni watoto na chungu cha nyumbani. Kwa hiyo mwenye zamu ya wodi, mwenye zamu ya meza, mwenye zamu ya nyumba. Hapo ndipo watatu wanapoonekana ni idadi ya maana. Zamu zibadilishwe kila baada ya siku mbili, maana hata mikono ya Haruni ilikuwa ya nyama. Andikeni leo, mkiwa wazima: simu ya kwanza inapigwa kwa nani, ufunguo wa ziada uko kwa nani, watoto wanakula kwa nani. Na muwe na mfuko mdogo wa dharura usiokopeshwa kamwe, 1,000 kila mmoja kwa wiki. Watatu kwa wiki 10 ni 30,000. Inalipa boda, sabuni, uji na sukari za siku kadhaa. Mambo makubwa, kama msiba, waachieni wa munno mukabi, vile vikundi vya kusaidiana wakati wa shida, wenye viti na turubai. Ninyi hamwezi na msijaribu.

Ukifika kitandani kwa mgonjwa, usihubiri. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika alimgusa akamwambia inuka, ule. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Alikula, akalala tena, akalishwa mara ya pili, na maneno yalikuja baadaye sana, pale Horebu (1 Wafalme 19). Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba mchana na usiku walipokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa kumweleza kwa nini amepatwa.

Swali gumu ni lile la kila mtu kubeba chake. Wagalatia 6:2 inasema "mchukuliane mizigo", na mistari mitatu mbele, 6:5, inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Kwa Kigiriki ni maneno mawili tofauti. La kwanza, baros, ni uzito unaolemea, kama ugonjwa, msiba, soko kuungua. La pili, phortion, ni mzigo wa kawaida ambao kila msafiri amepimiwa. Karo ya kila muhula ni furushi. Kulazwa ghafla muhula huo ni mzigo. Kodi ya meza ni furushi. Mkishindwa kutofautisha, mmoja atageuka wa kubebwa daima na mwingine wa kubeba daima, na mtarudi kwenye uzi uliovutwa. Mtu akileta furushi lilelile mara tatu mfululizo, mwambieni mkiwa faragha, na msaidieni kulipanga, msimlipie.

Nirudi kwa wale wawili wasiosalimiana. Mathayo 18:15 inaanza na "wewe na yeye peke yenu". Hatua ya pili ni kuchukua mmoja au wawili zaidi. Ya tatu ndipo kanisa. Mahali pengi jambo huanzia hatua ya tatu, likatangazwa kikundini mbele ya wote, na mtu aliyeaibishwa mbele ya watu kumi hana njia ya kurudi. Mwenyekiti ndiye atangulie, kwa ile amri ya Mithali 6 ya kutolala. Aende kwa mkopaji peke yake, kisha wote wawili waje kwa wanachama na makubaliano yaliyoandikwa: deni lisiongezwe faida tena, kwa roho ya Kutoka 22:25, na lilipwe 20,000 kwa wiki kwa wiki 40. Ikiwa 20,000 ni nyingi, 10,000 kwa wiki 80. Ndefu, lakini inamalizika, na kila wiki anayolipa ni salamu. Waandike majina na sahihi, nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Wakikataa wote wawili, fungeni kitabu, gawaneni kilichobaki kwa uwiano wa akiba, na msitangaziane laana. Paulo na Barnaba walishindana vikali kwa ajili ya Marko hata wakatengana, kila mmoja na mwenzake mpya (Matendo 15:39-40), na miaka baadaye Paulo gerezani anaagiza Marko aletwe, kwa maana amfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11).

Neno la tahadhari, kwa kuwa tumetaja mfuko. Si kila umoja unabarikiwa. Katika Mithali 1 wako vijana wanaomshawishi mtu awafuate kuvizia na kunyang'anya, na ahadi yao kwake ni kwamba wote watakuwa na mfuko mmoja. Anania na Safira walikuwa wawili, na walipatana vizuri sana, katika uongo. Kikundi kinachokuambia usimwulize mweka hazina kwa sababu "sisi ni familia", au usimwambie mumeo, au usihesabu fedha kwa kuwa ni kukosa imani, ondoka siku hiyo hiyo. Rejesta isomwe kwa sauti kila mkutano, mbele ya kila mmoja, na fedha zihesabiwe na mtu ambaye si mwandishi.

Wiki hii fanya jambo moja. Katika wale kumi na mmoja, mfikirie yule unayedhani aliona aibu kuja hospitalini kwa sababu ya lile deni, si kwa kukosa huruma. Karibu kila kikundi kilichovunjika kina mmoja wa namna hiyo. Nenda kwake asubuhi kabla wanunuzi hawajaanza kuja, wakati bado anapanga meza. Usimwulize kwa nini hakuja. Mwambie ulilazwa siku 5, ulimkumbuka, na ungependa mkae dakika 60 Jumapili baada ya ibada, wawili tu, bila habari za fedha. Akikataa, msaidie kupanga meza, umuage, nenda kwa wa pili. Rejesta iache nyumbani.